Swali: Nimekuta picha za magari ya farasi kwenye sanduku la babu, nizishee vipi?

Msomaji wa Bondeni ameandika hivi: "Shikamoo. Babu yetu alifariki mwaka jana, tulipofungua sanduku lake la mbao tukakuta picha za zamani za magari ya farasi, postikadi moja, na kurasa za matangazo zilizokatwa kwenye magazeti, moja ina farasi na chupa ya dawa ya Elliman. Kuna picha kubwa ya gari la wazi la farasi wawili, dereva ana kilemba, nyuma yake nyumba ya matao, haina maandishi nyuma, ami yangu anasema hiyo ni Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, mwaka 1900. Nataka kuziposti watu wazione. Nitajuaje miaka yake, na naweza kushtakiwa? Shangazi naye hataki kabisa kwa sababu picha moja yumo mama yake."

Marahaba mwanangu, na poleni, Mungu amrehemu babu. Umefanya la maana kuuliza kabla hujabonyeza, manake wengi huja kwangu picha ishazunguka magrupu mia na maelezo ya uongo, na hapo hakuna dawa, picha ikishatoka na jina baya hairudi tena nyumbani.

Nianze na ami, na heshima yake iko pale pale. Hiyo Mombasa 1900 mimi naitilia shaka. Sisemi haiwezekani, nasema nikiambiwa niweke pesa yangu siweki. Sababu ya kwanza ni farasi mwenyewe. Pwani hii farasi hakuwa mnyama wa kazi, walikuwepo wachache wa wakubwa na wazungu lakini hawakudumu, kuna maradhi yanaletwa na visubi vidogo vile vinavyouma jioni, farasi akiyapata mapafu yanajaa maji, anatoa povu puani na siku chache ashakufa, na yakiingia kwenye kundi geni yanaweza kuondoka na farasi tisa katika kumi. Ukitoka kisiwani ukaelekea bara unakutana na mbung'o, ambaye alimaliza wanyama wa mizigo wengi sana wakati reli ya Uganda inajengwa kuanzia 1896. Punda anayastahamili yale ya visubi kuliko farasi, ndo maana mpaka leo Lamu imejaa punda na farasi huwaoni. Pundamilia pia hayamsumbui, na hapo kuna picha moja watu huniletea wakiniuliza kama ni ya kompyuta, mtu wa miraba minne amepanda pundamilia barabarani Nairobi. Ile ni ya kweli kabisa, ni Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa, daktari wa kwanza wa kujitegemea Nairobi, alikuwa akienda kuwatazama wagonjwa wake juu ya pundamilia. Sasa mtu akapanda pundamilia huku farasi wako tele? Hebu fikiria.

Sababu ya pili ndo kubwa zaidi. Mombasa ya 1900 ilikuwa na gari lake mwenyewe na halikukokotwa na mnyama yeyote, lilisukumwa na watu. Toroli. Vijana wengi hawalijui, wakiona picha wanadhani ni treni ya watoto. Ilikuwa hivi: mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala huku ilianza kujenga reli nyembamba ya kwenda bara, upana wake futi 2 tu, wakafika maili chache ikawashinda, zile pau za reli zikabaki hapa hazina kazi. Zikaja zikatandikwa mjini, kutoka Kilindini mpaka upande wa Ngome na Mji wa Kale, na juu yake vikapita vigari vyenye kiti cha watu wawili, juu chandarua cha kitambaa cheupe, nyuma wanaume wawili wanasukuma mbio, mlima ukiisha wanadandia nao wanateremka. Wakubwa walikuwa na toroli zao binafsi, na reli ikikata kona inaingia mpaka mlangoni kwao kama mtu anavyoegesha gari leo. Ilikwenda hivyo mpaka miaka ya 1920 barabara na motokaa zikaiua.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kufanya leo, kabla ya yote, chukua hiyo picha kubwa uipeleke dirishani na kioo cha kukuzia, usitazame farasi, tazama chini. Kama ni barabara kubwa ya Mombasa ya wakati huo basi kuna uwezekano mkubwa utaiona reli nyembamba inapita kwenye mchanga. Alafu tazama upana wa njia. Ndia Kuu wewe waijua, gari mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma, je hilo gari la farasi wawili lingegeukia wapi? Alafu tazama milango. Nyumba za Ndia Kuu zina milango ya kuchongwa na roshani za mbao zinazotokeza juu ya njia. Ukiona matao marefu ya mawe yamepangana ghorofa kwa ghorofa, mimi moyo wangu unakwenda Bombay kabla ya kwenda popote.

Na hapa nikwambie jambo la aibu yangu mwenyewe. Miaka kama kumi iliyopita nililetewa picha ya gari kubwa la abiria, farasi wawili, reli chini, nyuma majumba. Mimi nikaona reli tu nikasema hii hapa toroli ya zamani zaidi, ya farasi, nimegundua kitu! Nikaiposti na maelezo marefu, Mombasa, miaka ya 1890, watu wakashea wakashea, mwingine akaweka na kumbukumbu za babu yake. Siku ya tatu mzee mmoja Mhindi akaniandikia kwa upole kabisa, mwanangu hiyo ni tramu ya farasi ya Bombay, zilianza kwetu 1874, na hilo duka hapo pembeni liko mpaka leo. Nilifuta, lakini nilichokifuta ni changu tu, zile nakala za watu mpaka sasa nazikuta, na kila nikiikuta imeongezewa kitu, juzi niliiona imeandikwa Malindi.

Lakini usihuzunike ukisikia si Mombasa. Fikiria masanduku ya wazee wetu yalijaaje. Meli za British India zilikuwa zinatoka Bombay zinapiga Mombasa zinateremka mpaka Durban, za Ulaya zinapita Port Said na Aden, na kila bandari kulikuwa na mtu anauza postikadi. Baharia ananunua, karani ananunua, mfanyabiashara anamletea mkewe. Port Said na Aden magari ya farasi yalikuwa yamepangana gatini yakingoja abiria kama bodaboda wanavyongoja Ferry. Bombay kulikuwa na yale ya wazi ya kifahari yaliyoitwa Victoria, gurudumu nne, dereva mbele juu, chandarua cha kukunja nyuma, na kwa maelezo yako mimi naona hilo la kwenu linafanana nayo sana, hasa ukisema aliyeshika hatamu ana kilemba. Hata neno letu la gari lilitoka Bara Hindi likaja na jahazi, sisi tukabaki na neno, farasi wakabaki kule. Na ikiwa ni kweli babu au baba yake alifika Bombay basi hiyo picha ina kisa kizuri kuliko "Mombasa zamani", ina safari ndani yake.

Kilichokuwa chetu ni mkokoteni. Ukiona katika hizo picha nyingine gari la magurudumu mawili, mbao tupu, linavutwa na mahamali wenye misuli shingoni, hapo changamka, hiyo huenda ni Mombasa au Unguja kweli. Gari la ng'ombe pia lilikuwepo. Na la punda lipo mpaka kesho. Nikiwa naandika hivi hapa Kibokoni naona mmoja anapita na mkokoteni wa maji, mitungi ya lita 20 imefungwa kwa mpira wa tyubu, na hebu tazama magurudumu yake: ekseli ya gari bovu, tairi za motokaa. Hiyo ni alama nzuri sana ya kukisia miaka. Tairi ya upepo iliyoenea njiani ni ile ya Dunlop, mwaka 1888, na kwa taarifa yako alikuwa daktari wa wanyama kule Belfast, kazi yake ilikuwa kutibu farasi kabla ya mpira wake kuwaondoa njiani, lakini kwenye mikokoteni ya mizigo huku kwetu mpira ulichelewa sana. Ukiona mkokoteni wenye tairi za gari usikubali mtu akwambie 1900. Gurudumu la mbao lenye pete ya chuma halithibitishi kitu lakini, lilikaa miaka mingi, wengine tumeliona kwa macho.

Sasa geuza. Nyuma ya picha ndo kuna mali. Watu wanaskani mbele wanasahau nyuma, alafu picha ya asili inapotea na kila kitu kilichoandikwa kinakwenda nayo. Postikadi yako itazame nyuma: ina mstari katikati, upande mmoja anwani upande mwingine ujumbe? Uingereza waliruhusu mstari huo 1902, wengine wakafuata, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kama nyuma yote ni ya anwani tu na mtu kaandika salamu zake zimebanana mbele pembeni ya picha, basi ni ya karibu na hapo au nyuma zaidi. Alafu stempu. Ikiwa ya huku na imeandikwa East Africa and Uganda Protectorates ni kati ya 1903 na 1921 au hapo karibu, Kenya and Uganda ni kuanzia 1922, na zile zenye majina matatu pamoja na Tanganyika zilianza 1935. Na ukibahatika muhuri wa posta unasomeka, una tarehe kamili. Lakini shika hili: stempu inakwambia ilitumwa lini, haikwambii ilipigwa lini. Duka linaweza kukaa na kadi miaka kumi linauza ile ile.

Karatasi nayo inasema. Picha nyembamba ya rangi ya chai, imebandikwa juu ya kadi ngumu, ukiitazama kwa karibu ina mipasuko midogo kama udongo uliokauka, hiyo yawezekana ni ile ya ute wa yai, kweli yai la kuku, ndo ilivyotengenezwa karatasi ya picha kuanzia 1850 mpaka mwishoni mwa karne ile. Picha inayong'aa kama fedha kwenye sehemu nyeusi ukiiinamisha ni ya baadaye, madini yanapanda juu kwa unyevu, na Mombasa tuna unyevu wa kugawa. Na ukiweka kioo cha kukuzia ukaona vitone vitone vimepangwa kama mchele, hiyo si picha ya kamera, imekatwa kwenye gazeti au kitabu. Usione haya, hiyo ndo inakuwa sehemu ya maelezo: "imekatwa kwenye gazeti".

Jambo jengine la kujua ni kwamba picha za zamani sana zinadanganya kuhusu magari. Kamera za mwanzo zilihitaji kufunguliwa dakika kadhaa, kinachotembea hakishiki. Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga barabara kubwa ya Paris mwaka 1838, mchana, farasi na magari yanapita tele, na ukiitazama picha barabara ni tupu kabisa, hakuna hata punda, anaonekana mtu mmoja tu pembeni kwa sababu alikuwa amesimama anapigwa viatu rangi. Kwa hivyo ukiwa na picha ya kale na gari la farasi limetoka safi mpaka nywele za mkia, ujue ama lilisimamishwa makusudi ama ni ya miaka ya baadaye kamera zilipokuwa nyepesi. Ukiona kichwa cha farasi kina ukungu na mwili uko safi, usidhani imeharibika, alitikisa kichwa tu maskini, nzi. Usiruhusu mtu aifute hiyo, mimi ndo napenda.

Matangazo sasa, na hapa nakwambia ukweli, huenda ndo yenye thamani kuliko picha, watu wengi wanatupa. Elliman ya kwenu naijua vizuri. Ni dawa ya kuchua ya Slough, Uingereza, jina lao lilianza 1847, na walikuwa na chupa mbili, moja ya wanyama waliyoiita Royal na moja ya watu waliyoiita Universal, matangazo yao yalijaa farasi wanaruka viunzi na magari ya kifalme. Soma herufi ndogo uone kwenu ni ipi. Wazee wana visa vya watu kujichua kwa ile ya farasi kwa imani kuwa ina nguvu zaidi, na mimi siwacheki, mpaka leo nawajua watu wanaonunua dawa ya ng'ombe dukani wakajipaka magoti.

Kukisia miaka ya tangazo tazama bei na anwani kwanza, picha baadaye. Kwetu hapa pesa ilibadilika haraka haraka: rupia mpaka 1920, florini muda mfupi mno, alafu shilingi kuanzia 1921 na 1922. Tangazo lenye bei ya florini ni kama kuokota lulu, unajua mwaka bila kuuliza mtu. Anwani ikiandikwa Mombasa, B.E.A., yaani British East Africa, hiyo ni ya kabla ya 1920, kabla hatujaitwa Koloni la Kenya. Barabara pia: Salim Road ni Digo Road ya leo, Kilindini Road ikaja ikawa Moi Avenue, na hiyo Ndia Kuu ya ami Wazungu waliiandika Vasco da Gama Street, kwa hivyo ukikuta jina hilo kwenye tangazo usiende kulitafuta Ureno. Na geuza ukurasa bwana! Nyuma ya tangazo lililokatwa huwa kuna nusu ya habari, bei ya pamba, meli imeingia lini, hapo ndo tarehe imejificha. Gazeti la African Standard lilianzishwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, likahamia Nairobi 1910, kwa hivyo vipande vya namna hii si ajabu kuvikuta masandukuni kwetu.

Farasi wa kwenye tangazo la kuchorwa usimuamini miguu yake lakini. Wachoraji kwa miaka walimchora farasi anayekimbia miguu minne imenyooka mbele na nyuma kama kiti cha kubembea cha watoto, mpaka mpiga picha Muybridge alipompiga picha farasi anakimbia kule California 1878 ikaonekana akiwa hewani miguu amekunja tumboni. Na hata baada ya hapo wenye matangazo wakaendelea na ile ya zamani, inauza zaidi.

Kuna matangazo mengine utayakuta humo hayapendezi. Sabuni, chai, magari, na mtu mweusi amechorwa kama kikaragosi ameshika hatamu za farasi wa bwana. Wapo wanaosema choma, wapo wanaosema posti tu ni historia. Mimi huweka, lakini siweki uchi, naandika ni tangazo la nani, la wapi, na kwamba mchoro huu ulikuwa wa dharau na ulitengenezwa hivyo makusudi, na siiweki peke yake Ijumaa usiku watu wanatafuta kitu cha kucheka. Kama huna nguvu ya kujibu maoni siku mbili, iache sandukuni kwanza.

Kuskani. Usiende na simu na flashi, itakuachia doa jeupe katikati ya farasi. Kama huna skana ya kulaza, weka picha juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha lisilopigwa na jua, simu iwe sambamba nayo kabisa, ushike pumzi. Kama una skana, 600 dpi kwa picha za kawaida na 1200 kwa zile ndogo za pasipoti, mbele na nyuma, hifadhi faili kubwa la TIFF usiliguse tena, alafu utoe JPEG ndogo ya kushea. Kurasa za gazeti zile za vitone zikikutolea mawimbi mawimbi ya ajabu, igeuze kidogo isilale sawa au washa kile kipengele cha kuondoa vitone. Na Whatsapp inakamua picha mpaka haina damu, ukimtumia ndugu tuma kama dokumenti.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiivute, nakuomba. Nimeona uso wa bibi harusi wa watu ukibaki kwenye kioo na karatasi tupu mkononi. Iskani hapo hapo na kioo chake. Yenye ukungu ipeleke nje kivulini, uvae barakoa wewe mwenyewe si picha, upanguse kwa brashi laini kavu, maji usiguse. Selotepu marufuku, kulaminisha marufuku kabisa kabisa, na kalamu ya wino nyuma usiandike, penseli laini tu, kwa wepesi, pembeni. Bahasha za karatasi nzuri, au zile za plastiki zisizonuka, ile plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu itazila. Na sanduku lisirudi chini ya kitanda ukutani kwenye unyevu.

Kushtakiwa: sidhani, lakini jua mambo yalivyo. Kuwa na picha mkononi si kuwa na hakimiliki yake, hiyo ni ya aliyepiga au warithi wake. Sheria ya Kenya ya 2001 inailinda picha miaka 50 toka mwisho wa mwaka iliopigwa, au iliotolewa kwa umma, au kuchapishwa mara ya kwanza, na inahesabiwa ile tarehe ya mwisho. Postikadi iliyouzwa dukani kabla ya vita vya kwanza haina neno. Matangazo yaliyochorwa yanafuata maisha ya mchoraji na miaka 50 juu yake, Uingereza 70, kwa hivyo ya zama za rupia mengi yashapita, ya miaka ya 1960 ngoja kwanza. Mtego uko kwa picha ambayo haijawahi kutoka sandukuni na nyuma ina muhuri wa studio. Kama studio ipo au watoto wa mwenye studio wapo mjini, nenda kawaulize, Mombasa ni ndogo, utapewa na chai. Usichukue picha ya mtu mwengine mtandaoni ukaigonga jina lako juu, huo ni wizi hata kama farasi alikufa zamani.

Ukishaweka, maelezo yawe mafupi na ya kweli. Kwa ile kubwa mimi ningeandika hivi: "Gari la wazi la farasi wawili na dereva mwenye kilemba, mbele ya nyumba ya matao. Kutoka sanduku la babu yetu, Bondeni, Mombasa. Mahali hapajathibitishwa, ami anasema Ndia Kuu, wengine wanaona Bombay. Nyuma haina maandishi. Anayeitambua nyumba atuambie." Umeona? Neno la ami limo, hukumvunjia heshima, na hukudanganya mtu. Kama uko na hamu ya kuitia rangi kwa akili mnemba itie, lakini weka na ya asili pembeni na useme umetia, manake kompyuta haijui lile gari lilikuwa jekundu au jeusi, inabahatisha, na mwaka kesho mtu ataandika kwenye kitabu kwamba magari ya Bombay yalikuwa mekundu. Na ukiwa mtandaoni usivutwe na hadithi tamu zinazobandikwa kwenye picha za farasi, kama ile kwamba gazeti la Times mwaka 1894 lilitabiri London itafukiwa na samadi futi 9. Imeshewa mara elfu, na hakuna aliyeionyesha hiyo Times. Kweli London ilikuwa na makumi ya maelfu ya farasi wa teksi na mabasi, na basi la mwisho la farasi la kampuni kubwa ya huko liliondoka njiani 1911, hiyo peke yake inatosha bila kuongeza samadi ya uongo.

Kabla hujaposti kokote, itafute kwanza picha yenyewe kwa picha, Google Lens au TinEye, ikiwa ni postikadi kuna uwezekano mwengine anayo na kaiandika vizuri. Na upitie mkusanyiko wa Winterton ulioko chuo cha Northwestern, Marekani, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960, zimewekwa wazi mtandaoni, utakutana na toroli zetu humo. Zile za Tanganyika, upande wa Wajerumani, ziko nyingi kwenye Bundesarchiv, hazina ya kumbukumbu ya Ujerumani. Kaa nazo jioni moja, jicho litajifunza lenyewe.

Mwisho shangazi, nimemuacha makusudi kwa sababu hapo hakuna mjadala. Picha yenye mama yake usiiweke. Usimwambie sheria inaruhusu, usimwambie bibi ashafariki, usimwambie kila mtu anaweka. Yule mama alipiga picha ile kwa ajili ya watu wa nyumbani, pengine hana hata buibui, na mwenye haki ya kusema ni bintiye. Iskani kwa ubora wa juu kabisa, mtengenezee shangazi nakala nzuri ya karatasi, mpelekee mkononi na umuulize huyu ni nani na hapa ni wapi na nani alipiga, mpe penseli aandike nyuma yeye mwenyewe. Ikiwa kuna gari la farasi kwenye picha hiyo na akakubali, unaweza kukata kipande cha gari peke yake, akikataa basi.

Alafu nitumie ile postikadi, upande wa stempu kwanza, kama dokumenti tafadhali.